Damu ya Mkwe

Vimelea vilikufa vyote. Hilo ndilo lililoleta balaa, ingawa asubuhi ile hakuna aliyeliona kwa sura hiyo.

Fundi wa maabara, mwanamke aliyezoea kuzungumza na watu huku jicho moja likiwa bado kwenye hadubini, aliipitia sahani ya plastiki kishimo baada ya kishimo. Ndani ya kila kishimo mlikuwa na tone la damu ya mtu, vimelea vya malaria vilivyofugwa humo kama kuku bandani, na kiasi fulani cha kemikali iliyokuwa ikijaribiwa: nyingi katika kishimo cha kwanza, pungufu katika cha pili, na hivyo hivyo mpaka cha mwisho, ambacho kilikuwa na kidogo mno hata mtu angeweza kuapa kwamba hakina kitu. Safu ya pembeni haikutiwa kemikali kabisa. Hiyo iliitwa safu ya kulinganishia, na kazi yake ilikuwa kuonyesha jinsi vimelea vinavyoishi visipobughudhiwa.

Katika safu ya kulinganishia vilikuwa vimenawiri. Kwingineko kote vilikuwa vidoa vilivyosinyaa. Kemikali yenyewe haikuwa na jina. Ilikuwa ya arobaini na moja kabatini, kwa hiyo iliitwa Arobaini na Moja, na katika mchujo wa kwanza ilikuwa imeonyesha dalili hafifu tu, kama mamia ya nyingine zilizotangulia na kusahauliwa.

Mkuu wa maabara aliitwa kuja kuona. Watu wa pale walimwita Daktari Subiri, kwa sababu hakuna habari njema aliyowahi kuletewa akaipokea kwa neno jingine.

"Hata kishimo cha mwisho?" aliuliza.

"Hata cha mwisho, daktari."

"Na pembeni?"

"Pembeni vinaishi kama vimelipiwa kodi."

Daktari Subiri alivua miwani akaifuta, kisha akaifuta tena. Dawa inayoua ikiwa nyingi na ikiwa chembe, kwa ukali ule ule, ni ama muujiza ama kosa, na mtu huyu alikuwa ameutumia umri wake kuwafundisha vijana waanze kwa kushuku kosa. Lakini wafadhili walikuwa wakija Alhamisi kuamua kama mlango ule una sababu ya kuendelea kufunguliwa, na hii ilikuwa Jumatatu.

"Tutarudia," alisema. Hakusema lini. Alipofika mlangoni aligeuka. "Na suala lako la ajira ya kudumu nitalipeleka mwenyewe. Matokeo kama haya hayaandikwi na kibarua."

Fundi alishukuru. Kwa miaka kadhaa alikuwa akiajiriwa kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu, kama watu wanavyopewa dawa ya minyoo, na kila mkataba ulipokaribia kwisha alipatwa na maumivu ya tumbo ambayo hayakuhusiana na minyoo.

* * *

Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili na kibaraza. Chumba cha kwanza kilikuwa cha fundi na mumewe. Cha pili kilikuwa cha mama yake fundi, ambaye alikuja kumuuguza binti yake kwa wiki mbili, binti akapona, na yeye bado alikuwa hajaaga.

Mume alikuwa mpiga chapa. Kiwanda chao kilifungwa, mashine zikauzwa kwa uzito wa chuma, na tangu hapo alibaki na ujuzi usio na mashine, hali iliyo mbaya kuliko mashine isiyo na mjuzi, kwa kuwa mashine haili. Kazi pekee aliyoipata ilitokana na mkewe. Kila baada ya majuma kadhaa alikwenda maabara, akakunja mkono wa shati, akatoa damu ya kulishia vimelea. Malipo yalikuwa soda, nauli na pakiti ya biskuti. Soda aliinywa huko huko. Nauli aliiokoa kwa kutembea. Biskuti alizileta nyumbani akaziweka mezani bila neno, na mama mkwe alizila bila neno, au alisema tu, "Biskuti zimekuja," kana kwamba zilipanda gari zenyewe.

Mama huyo hakuwa na ugomvi na mkwewe. Heshima haikuruhusu. Alichokuwa nacho ni birika. Lolote alilotaka mkwewe alisikie aliliambia birika, akiwa ameipa mgongo dunia yote nyingine.

"Birika langu," angesema, "wewe ukichemka angalau kuna anayekunywa."

Au: "Birika, wanaume wa zamani walikuwa wanatoka jasho. Wa siku hizi wanatoka damu, na sukari bado hakuna."

Mpiga chapa hakujibu. Mkwe hamjibu mama mkwe, na mtu mzima hajibizani na birika. Alipozidiwa alisimulia habari za kiwandani, hasa ile ya kalenda: jinsi alivyoona katikati ya kazi kwamba Februari imepangwa na siku thelathini, akasimamisha mashine, na meneja akamfokea kwa kuwa gari la mteja lilikuwa nje likinguruma. "Kosa kabla ya chapa ni la mtu mmoja," angemaliza. "Likishapigwa chapa ni la kila mwenye ukuta." Hadithi hiyo ilikuwa ya kweli, jambo ambalo halikuizuia kuchosha.

"Birika," angesema mama, "leo zamu ya Februari."

Jambo jingine la kujua kuhusu mama huyo ni kwamba hakutupa kitu. Majani ya chai aliyachemsha mara ya pili, sabuni zilizokwisha alizibandika zikawa sabuni moja, na chakula cha jana kilikuwa chakula. "Kitu hakiharibiki kwa kulala," alikuwa akisema, na binti yake alikua akilisikia neno hilo kabla hajajua kusoma, yaani katika umri ambao mambo huingia bila kubisha hodi.

Jumatatu jioni binti aliingia, na kabla ya kuvua viatu akasema, "Imeua."

"Nini kimemuua nani?" aliuliza mama.

"Ile dawa ya majaribio, mama. Imeua vimelea vyote. Na daktari hakusema subiri."

"Hakusema?" mume aliinuka kidogo kitini.

"Alisema tutarudia. Halafu akataja ajira ya kudumu."

"Damu ilikuwa ya nani?"

"Yako. Ile ya mwezi huu."

Mama aliliweka birika chini. Kisha akageuka, jambo ambalo lilichukua muda kwa kuwa hakuwa na mazoea nalo, akamtazama mume wa binti yake usoni.

"Mkwe wangu," alisema, "sukari inakutosha?"

Chai ile haikuwa na sukari. Mpiga chapa alisema inatosha.

* * *

Kesho yake mpiga chapa alikwenda kunyolewa, ingawa nywele zake zingeweza kungoja. Habari ilitangulia kufika, kwa sababu aliipitisha kwanza kwa muuza magazeti.

"Karibu, mzee wa damu," alisema kinyozi, akamfunga shuka shingoni. "Lakini mimi wembe sikupitishii. Nitatumia mashine tu."

"Kwa nini?"

"Nikikukata nimemwaga dawa ya watu. Nitalipa na nini mimi?"

Waliokuwa benchini walicheka. Mmoja akauliza kama inawezekana kuumwa na mbu aliyekwisha kumuuma mpiga chapa, ili kuokoa gharama. Mpiga chapa aliwaacha waseme. Ilikuwa imepita miaka tangu awe mtu wa kutaniwa. Kwa kawaida watu humtania aliye na kitu, na asiye na kitu humpa pole.

Jioni mama mkwe alimpa kiti chenye egemeo, yeye akakaa kwenye kigoda.

"Hebu tuambie, mkwe wangu," alisema, akimpakulia. "Ilikuwaje siku hiyo?"

"Mama, mimi si mtu wa kujisifu," alianza mpiga chapa, akajisifu. "Siku zile mwenzangu alikuwa msibani kwa shangazi yake, nawe mama ulikuwa umekwenda naye. Nikashikwa na homa, kitanda kinatetemeka mpaka kinasogea. Na siku ya kutoa damu imekaribia. Nikajiambia, nisipokwenda wataita mwingine, na mwingine akishaingia hatoki. Nikaenda duka la dawa, nikanunua dozi ya malaria, nikameza yote. Siku ilipofika nikasimama mbele ya nesi kama mlingoti."

Mkewe aliacha kutafuna. "Nesi hakukuuliza?"

"Kuuliza wanauliza wote. Umeumwa hivi karibuni? Hapana. Umemeza dawa yoyote? Hapana. Ningesema ndiyo ningerudi mikono mitupu."

"Mwanamume huyo," alisema mama kwa kuridhika. "Anaumwa na bado anakwenda kazini."

Fundi aliweka kijiko chini taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Dozi ile hukaa katika damu majuma kadhaa baada ya homa kwisha. Damu ya mumewe iliingia katika sahani ikiwa tayari na dawa ndani yake, dawa ya kawaida inayouzwa kwenye kila kona, na hiyo ndiyo iliyoua. Arobaini na Moja ilikuwapo tu, kama mtu anayepita mahali palipotokea tukio.

Palibaki swali la safu ya kulinganishia, ambako vimelea viliishi, na jibu lake alikuwa nalo mwenyewe. Siku ya kuandaa sahani damu mpya ilikuwa chache, na kwenye friji kulikuwa na mabaki ya damu ya mtu mwingine ambayo yangemwagwa siku hiyo. Aliyatazama. Hayakuwa yameharibika, yalikuwa yamelala. Akayatia katika safu ya kulinganishia, ambayo kwa vyovyote haikuwa na kazi kubwa, akaibakiza damu mpya kwa safu zenye kemikali.

Uongo wa mume peke yake usingefika mbali. Kama damu yake ingetiwa sahani nzima, vimelea vingekufa hata pembeni, na siku hiyo hiyo ingejulikana kwamba muuaji ni damu. Ubanifu wa mke peke yake usingemdhuru mtu. Makosa hayo mawili yalihitajiana, na yalikutana kama wenyewe walivyokutana, bila mtu wa tatu kuombwa ushauri.

* * *

Walizungumza bombani, yeye akiosha vyombo na mume akivisuuza, kazi ambayo kwa kawaida hakuifanya.

"Hebu nieleweshe," alisema mume. "Nilimeza dawa ya malaria. Vimelea vya malaria vikafa. Ubaya uko wapi?"

"Ubaya ni kwamba amesifiwa asiyehusika. Ile kemikali haijafanya kitu. Ni maji yaliyopewa namba."

"Na hiyo safu yako ya pembeni, haikuwaonyesha?"

"Niliitia damu iliyobaki. Nilikuwa nabana."

"Mnabana damu?"

"Katika nyumba hii tunabana majani ya chai."

Mume alisuuza kikombe kimoja kwa muda uliotosha vitano. "Basi ni wewe na mimi."

"Ni wewe na mimi."

"Na tukinyamaza?"

"Watairudia wenyewe siku moja. Baada ya mwezi, baada ya mwaka. Fedha zitakuwa zimekwisha kuliwa, na jina lililoandikwa pale ni langu."

"Mwaka ni mrefu," alisema mume. "Kwa mwaka mmoja utakuwa umeajiriwa moja kwa moja. Sikwambii udanganye, mke wangu. Nakwambia usiseme. Hivyo ni vitu viwili."

"Kwa nesi ulifanya kipi kati ya hivyo viwili?"

Mume alifuta mikono kwenye suruali, akatazama dirisha la jikoni ambalo sauti ya mama ilikuwa ikitokea, akiimba kitu kisicho na maneno.

"Mama ameniuliza kuhusu sukari," alisema.

Mke alikuwa na majibu mengi kuhusu vimelea, damu na kemikali. Kuhusu sukari alimpa mume kikombe kingine asuuze.

* * *

Jumatano asubuhi alimweleza Daktari Subiri yote, la mumewe na la kwake, akiwa amesimama. Daktari alimsikiliza kwa utulivu wa mtu anayesimuliwa maumivu ya jino la mwenzake.

"Nilijua kile kishimo cha mwisho kina jambo," alisema hatimaye.

"Ulijua, daktari?"

"Kujua ni neno kubwa. Nilisita."

"Tuwaambie wageni?"

"Subiri," alisema Daktari Subiri, na ikaonekana kwamba neno hilo halikuwa limepotea, lilikuwa limepumzika. "Wageni wakiondoka na matumaini tutapata mwaka. Wakiondoka na ukweli tutapata pole. Chukua damu safi kutoka hospitali, andaa sahani upya leo. Majibu yatakuwa Jumamosi. Wao wanakuja kesho. Tutawaambia matokeo ni ya awali. Si kweli kwamba ni ya awali?"

"Ni kweli."

"Basi hatujamdanganya mtu." Alipanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. "Barua yako ya ajira imo kwenye faili la kutiwa saini. Usinitafutie sababu ya kuitoa. Na mumeo wameomba aje. Wafadhili hupenda kuona uso. Aje amevaa vizuri."

Fundi alikwenda kuandaa sahani. Safari hii damu ilikuwa moja kuanzia kishimo cha kwanza mpaka cha pembeni, na iliyobaki aliimwaga. Iliposhuka kwenye sinki alihisi kana kwamba mama yake anamtazama.

* * *

Alhamisi mama mkwe alilipiga pasi shati la mkwewe kwa mkono wake, jambo ambalo lingekuwa la kawaida kama lingewahi kutokea. Koti lilitoka kwa kinyozi. Lilimbana mabegani, kwa hiyo mpiga chapa aliingia maabara akiwa na mkao wa heshima ambao hakuukusudia.

Wageni walikuwa watatu: wanaume wawili waliotikisa vichwa kwa kupokezana, na bibi mwenye nywele nyeupe aliyewaongoza, ambaye kabla ya kugawa fedha za watu alikuwa amefanya kazi katika vyumba vya namna ile. Alikataa kiti. Alitembea polepole kwa fimbo yake kati ya meza, akanusa hewa, akagusa mlango wa kabati la joto la kukuzia vimelea kama mtu anavyogusa paji la uso la mgonjwa.

Daktari Subiri alieleza. Maneno "matokeo ya awali" aliyatamka upesi, jinsi vigezo na masharti vinavyosomwa redioni. Arobaini na Moja aliitamka taratibu.

"Kwa hiyo mwakani itajaribiwa kwa panya," alisema mmoja wa wanaume, "na baadaye kwa wagonjwa."

"Mungu akipenda," alisema Daktari Subiri, ambaye hakuwa na desturi ya kumwingiza Mungu katika bajeti.

Mpiga chapa alisimama kando ya friji. Alikuwa ameambiwa atabasamu na alikuwa akitabasamu. Aliposikia neno "wagonjwa" alikumbuka kitanda kilichosogea. Alimwona mtu fulani, hana sura, amelala juu ya kitanda cha namna hiyo, amekwisha kumeza hiyo Arobaini na Moja na anangoja ifanye kazi.

"Na huyu ndiye mchangiaji wetu," alisema Daktari Subiri. "Damu yake ndiyo iliyotumika."

"Shikamoo, mama," alisema mpiga chapa.

"Marahaba, mwanangu." Bibi alimpa mkono, na akauacha mkono wake ndani ya wa mwenzake. "Ulijisikiaje siku ile uliyotoa?"

Lilikuwa swali la adabu. Jibu lake ni "vizuri", na kila mtu aliyekuwa mle ndani alikuwa akilisubiri neno hilo lipite ili waende kunywa chai. Mpiga chapa alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa akitazama friji.

"Simamisheni mashine," alisema.

Mmoja wa wanaume alitazama ni mashine gani.

"Nilikuwa nimetoka kuumwa, mama. Nilimeza dozi ya malaria nzima, ya dukani. Nesi aliniuliza nikamwambia sijameza kitu. Iliyoua ni hiyo ya dukani. Hii yenu haijaua."

Daktari Subiri alishughulika na kofia ya kalamu yake. Bibi aliuachia mkono wa mpiga chapa, si kwa hasira. Alihitaji vidole vyake vya kufikiria.

"Ingekuwa hivyo," alisema, hakumwambia mtu yeyote hasa, "safu ya kulinganishia nayo ingekufa."

"Hilo mimi sijui," alisema mpiga chapa upesi. "Mimi ni mtu wa uchapaji."

Alilisema huku akikaza macho ukutani, kama mtoto anayeficha kitu nyuma ya mgongo na kuuonyesha mgongo wote. Kwa dakika nzima mkewe alikuwa na nafasi ya kunyamaza. Alikuwa amepewa nafasi hiyo na mume ambaye kwa muda mrefu hakuwa na kitu cha kumpa, na pengine ndiyo sababu ilimwia vigumu kuikataa.

"Anajua," alisema. "Nilimweleza. Safu ile niliitia damu nyingine, ya zamani, iliyobaki. Nilikuwa nabana. Kosa la pembeni ni langu."

"Amenieleza jana," alisema Daktari Subiri, akifunga kalamu. "Marudio yamo kwenye kabati la joto. Majibu Jumamosi." Haikujulikana kama alisema hivyo kwa uungwana au kwa hesabu, mara nyingi vitu hivyo viwili hutoa jibu moja.

Bibi alikikubali sasa kile kiti alichokuwa amepewa. Alikaa, akaiegemeza fimbo yake mezani.

"Sisi tuliviua kwa sabuni," alisema. "Chupa hazikusuuzwa. Tukatangaza. Kulikuwa na hotuba, na watu waliovaa tai."

"Na nani aliyesema kabla ya hotuba?" aliuliza mpiga chapa.

"Hakuna," alisema bibi. "Chai iko wapi?"

* * *

Jumamosi fundi aliisoma sahani mpya. Vimelea vilikuwa hai pembeni, hai katika kishimo cha mwisho, hai katikati, vinono na vyenye afya njema. Katika kishimo cha kwanza, penye kemikali nyingi kuliko vyote, vilionekana kunyong'onyea kidogo. Daktari Subiri alichungulia, akasema inafaa kuangaliwa tena siku moja, na Arobaini na Moja ikarudishwa kabatini kati ya Arobaini na Arobaini na Mbili, ambazo nazo zilifaa kuangaliwa tena siku moja.

Wafadhili walitoa nusu mwaka badala ya mwaka, kwa sharti kwamba kila sahani iwe na safu mbili za kulinganishia. Barua ya ajira ya kudumu iliondolewa kwenye faili. Fundi alipewa miezi mitatu mingine, na maumivu ya tumbo yakaendelea kwa ratiba yake ya kawaida. Mpiga chapa alikwenda kutoa damu siku iliyofuata katika zamu yake, kwa kuwa hakuna aliyemwambia asiende, akamkuta nesi amesimama mlangoni.

"Pumzika kidogo, kaka," alisema nesi.

"Mpaka lini?"

"Wewe pumzika tu."

Alirudisha koti kwa kinyozi. Kinyozi alimkalisha, akachukua wembe bila kuulizwa, akaupitisha kisogoni. "Siku hizi naweza," alisema. "Ukimwagika, umemwagika."

Nyumbani kiti chenye egemeo kilirudi kwa mama. Kisha jioni moja, wote watatu wakiwa mezani, mama alilivuta birika karibu, akawapa mgongo.

"Birika langu," alisema, "zamani biskuti zilikuwa zinakuja. Sijui njia imeharibika."

Mke aliinamia kikombe chake. Mpiga chapa, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kujibu, alikigeuza kiti chake mpaka akalielekea birika barabara.

"Birika," alisema kwa adabu, "mwambie mama, aliyekuwa akizileta alisema uongo akapewa biskuti, akasema kweli akanyang'anywa. Sasa mama achague amkasirikie kwa lipi."

Mkono wa mama ulibaki juu ya kifuniko. Hakugeuka.

"Birika," alisema mama, "mwambie mkwe wangu kwamba ule uongo nilishausamehe siku ile ile aliyousimulia. Hiyo kweli ndiyo itakayochukua muda."

"Mwambie nitasubiri."

Mama alilinyanyua birika, akamjazia kikombe mpaka ukingoni. Majani yalikuwa ya mara ya pili, na rangi ya chai hiyo haikumdanganya mtu.